Data ikiisha nakuwa mkali kwa kila mtu: je, huu ni uraibu?

Swali: Daktari, naomba msaada. Nina miaka 23, nipo chuoni. Nashika simu tangu naamka, na usiku nalala saa 8 nikitazama video fupi. Data ikiisha nakuwa mkali kwa kila mtu na moyo unakuwa mzito. Nimewahi kufuta programu zote mara mbili, lakini siku ya tatu nikazirudisha. Je, huu ni uraibu au ni uvivu tu? Na kwa nini hasira huja pale ninapojizuia?

Jibu: Uvivu tuuweke kando kwanza. Anayejiona mvivu hujilaumu, na uchungu wa lawama hiyo humrudisha kwenye simu usiku uleule.

Kuhusu jina la tatizo: Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa michezo ya kidijitali katika mwongozo wake wa magonjwa, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022. Video fupi na mitandao ya kijamii havijaorodheshwa humo kama ugonjwa. Hata hivyo, vigezo vya michezo vinafaa kukupima: umeshindwa kujizuia kuanza au kuacha, jambo hilo limetangulizwa mbele ya mengine, na unaendelea ingawa madhara unayaona. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na iwe imevuruga masomo, kazi au mahusiano. Idadi ya saa haimo kabisa. Anayekesha mtandaoni kwa kazi na kufunga anapotaka hana shida hii, na anayeiba saa 2 tu za usingizi kila usiku huku akitaka kuacha na kushindwa anaweza kuwa nayo.

Sasa hasira. Ubongo hutoa dopamini, kemikali inayochochea hamu, hasa unapotarajia jambo zuri usilokuwa na hakika nalo. Unapovuta skrini kwa kidole hujui video ijayo itakuchekesha au itakuchosha, na kutojua huko ndiko kunakokushika. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba tabia inayolipwa bila mpangilio huchukua muda mrefu zaidi kufa kuliko inayolipwa kila mara. Tena malipo yakikatwa ghafla, tabia huweza kuwaka kwanza kabla ya kufifia. Huenda huo ndio mwako uliokurudisha siku ya tatu, na haukuwa ushahidi kwamba huwezi kuacha.

Kuna chanzo cha pili ambacho wengi hawakitazami: usingizi. Mtu aliyekosa usingizi hukasirishwa na mambo madogo, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayotuliza hisia hufanya kazi kwa udhaifu. Kwa anayelala saa 8 usiku na kuamkia masomo, ukali mwingi huenda unatoka hapo. Moyo mzito nao huenda ulikuwapo kabla ya simu. Upweke, wasiwasi wa mitihani au kuchoka hufunikwa na video, kisha data ikiisha kifuniko kinaondoka.

Kwa hiyo safari hii usifute kitu. Kwa siku 4 andika tu, kwenye karatasi: saa uliyoshika simu, ulikuwa unafanya nini, ulihisi nini kwa neno moja, na hali ya moyo kutoka 0 hadi 10 kabla na baada. Muda wenyewe usome kwenye mipangilio ya simu, maana kumbukumbu hutudanganya.

Baada ya hapo anza na usiku, kabla hujagusa mchana. Simu ichajiwe chumba kingine, au kama chumba ni kimoja, mbali na mkono; nunua saa ya kengele. Usijilazimishe kulala saa 4 mara moja, kwani utakodolea dari macho na kuifuata simu. Shikilia saa ileile ya kuamka kila siku, hata wikendi, kisha rudisha muda wa kulala nyuma kwa dakika 15 hadi 30 kila baada ya siku chache. Usingizi ukigoma kwa dakika kama 20, toka kitandani, usome kitabu kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia.

Mchana, zima arifa zote isipokuwa simu na ujumbe wa watu. Toka kwenye akaunti kila ukimaliza ili kuingia tena kudai nywila. Jiwekee vipindi 2 vya dakika 30 kwa saa maalumu; ubongo ukijua zamu yake ipo, hupunguza kudai. Kikomo cha muda kikiwekwa, nywila yake ashike mtu mwingine, la sivyo utakiondoa mwenyewe. Hamu ikija nje ya kipindi, ngoja dakika 15: hupanda, kisha hushuka.

Muda uliobaki wazi ndio huangusha wengi, kwa hiyo mbadala ulingane na lile neno uliloandika. Ni upweke? Mpigie mtu. Ni hofu ya kazi ya chuo? Ifungue kwa dakika 5 tu. Ni uchovu? Lala kidogo. Angalia pia usihamie kutoka video kwenda michezo. Na ukiteleza siku moja, endelea kesho kwa ratiba ileile. "Nimeshaharibu" ndiyo fikra inayogeuza jioni moja kuwa wiki nzima.

Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2, hata siku usizoshika simu, au ukiacha kufurahia vyote, muone mtaalamu wa afya ya akili. Mawazo ya kujidhuru hayangoji: nenda hospitali siku hiyohiyo na mwambie mtu wa karibu akusindikize. Hakuna dawa iliyotengenezwa kwa uraibu huu. Hutumika zaidi tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na tabia, na dawa hutolewa kwa sonona au wasiwasi ukiwepo. Kama umakini umekusumbua tangu utotoni, sema hilo pia, na ile karatasi ya siku 4 nenda nayo.