Bioanuwai sawa, ila hilo "zoezi" umelitoa wapi?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Dodoma, naandika ripoti ya utafiti kuhusu fedha za bioanuwai. Msimamizi wangu leo anataka bayoanuai, kesho bioanuwai. Ipi sahihi? Sentensi yangu hii hapa: Mwaka 2022 kule Montreal nchi zilikubaliana kufanya zoezi la kurejesha mifumo ikolojia iliyoharibika kwa asilimia 30 ifikapo 2030."

Marahaba mwanangu. Andika bioanuwai. Anuwai tumeipata kwa Waarabu, maana yake aina aina, kwa hiyo bioanuwai ni aina aina za viumbe hai, na hiyo w ipo usiimeze. "Bayo" ni Kiingereza kilichoingilia masikioni, ila mtu aliyekaririshwa bayolojia tangu fomu wani siwezi kumgombeza akiandika bayoanuwai, we chagua moja ushike hiyohiyo mpaka ukurasa wa mwisho. Mifumo ikolojia iko sawa, tuendelee.

Sasa njoo hapa kwenye zoezi. Hivi nani alitudanganya kwamba kitenzi cha Kiswahili hakiwezi kutembea mpaka kishikwe mkono na zoezi? Zoezi la upandaji miti, zoezi la usafi, zoezi la uhesabuji wa wanyamapori, juzi nimesikia kwenye spika "zoezi la kula litaanza saa saba" nikasema basi, leo hata ubwabwa unafanyiwa mazoezi. Neno linatoka kwenye zoea, ni kitu unakirudia na kukirudia mpaka mwili unakizoea, kama mtoto na hesabu zake. Sasa hawa wanaokuja Januari na mahema na fulana, mche mmoja unashikwa na watu sita wapigwe picha, halafu hawaonekani tena na mbuzi wa jirani anamalizia, wamezoea nini? Kupigwa picha labda. Na ukisema "zoezi la upandaji miti limefanyika" hatujui nani kapanda, mingapi, wapi, maana ukisema "tumepanda" tutakuuliza iko wapi, ukisema zoezi hakuna wa kuulizwa, ndo maana wanalipenda.

Angalia na wewe lilivyokuharibia sentensi. Montreal, kwenye ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa bioanuwai, hawakusema mifumo irejeshwe kwa asilimia 30, walisema angalau asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe yanarejeshwa ipasavyo ifikapo 2030. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwenye ripoti ya fedha, ambako lengo la hukohuko Montreal ni angalau dola bilioni 200 kwa mwaka kutoka kila chanzo ifikapo 2030, hapo ndo pa kufeli.

Wazee wa Kondoa waulize. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye yale makorongo (na wenye ng'ombe waliumia, tusijifanye hawakuumia), baadae majani yakaota na vichaka vikarudi. Uoto ulirudi. Kitenzi kimesimama peke yake na hakijaanguka.

Ila nikiri kitu, lipo zoezi moja nalikubali. Hapahapa kwetu kuna wakulima wa kisiki hai, hawanunui mche, wanatafuta kisiki shambani ambacho mizizi yake bado mizima, wanachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine wanapogolea, wanafunga kitambaa ili mwenye panga ajue huu una mwenyewe, halafu wanarudi tena kupogolea, na tena, msimu baada ya msimu mpaka mkono umezoea. Hilo liite zoezi, sina neno. Cha ajabu wao wenyewe wala hawaliiti hivyo, wanakwambia tu "naenda kupogolea".

Sentensi yako basi: "Mwaka 2022 nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe yanarejeshwa ipasavyo." Msimamizi akiuliza zoezi limeenda wapi, mwambie limeliwa na mbuzi.