Barua kwa mwanangu: nukta ya kha

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Mwajuma,

Waalaikumu salaam. Barua yako imefika pamoja na mfano wa kadi. Unauliza kama namba 786 juu ya kadi ya harusi inatosha mahali pa Bismillahi, kwa kuwa kadi hutupwa, jina la Mungu likakanyagwa. Hesabu yenyewe ni sahihi. Bismi ni 102, Allahu 66, Rahmani na alifu na lamu yake 329, Rahimi nayo vivyo hivyo 289. Jumlisha mwenyewe. Ni abjadi, hesabu ya herufi za Kiarabu, ileile aliyotufundisha babu yako barazani, chini ya mwembe: abjadi, hawazi, huti, kalamani, kila herufi na thamani yake, alifu 1 mpaka ghaini 1000.

Ila 66 ya jina la Mungu ndiyo pia 66 ya hilali, mwezi mwandamo. Wapo wanaolifurahia hilo. Mimi huwaza: ukimpa mtu 66 peke yake, atajuaje umekusudia lipi?

Hapo ndipo ninapoikumbuka posa yangu ya kwanza, ambayo nyinyi mmeisikia juujuu tu. Kijana alitoka Tabora, akaja kwa treni na wazee wake wawili. Babu yako aliridhika. Shangazi zangu ndio walioshikilia nyota zitazamwe kwanza, akaitwa mwalimu mmoja. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa, nasikia kalamu ya mwanzi ikikwaruza. Akatoa tisa tisa katika hesabu ya jina langu, ikabaki 3. Akalitazama la kijana, akatikisa kichwa: haziivani. Wageni waliondoka vikombe vikiwa nusu.

Babu yako alipofariki niliikuta karatasi ile sandukuni mwake, imekunjwa ndani ya hati ya shamba la michikichi. Jina langu limeandikwa kwa ha, si kwa kha. Ha ni 8. Kha, umbo lilelile lakini lenye nukta juu, ni 600. Mwalimu aliandika alivyosikia, maana mtaani kwetu kila mtu huniita Hadija. Akapata 30. Kwa kha, na te ya mwisho ikihesabiwa 5 kama he, ni 622. Ukitoa tisa tisa inabaki 1. Nukta moja, mwanangu!

Hesabu haikosei, mkosaji ni mwenye kuhesabu. Nimekwambia hivyo tangu ukiwa mdogo. Halafu nilipoiona 622, mwaka wa Hijra kwa kalenda ya miladi, moyo wangu nao ukaruka. Sasa mimi na mwalimu yule tuna tofauti gani? Na nikisema alinidhulumu, ni kama najutia kuolewa na baba yako na kukuzaa wewe. Wallahi sijutii. Bibi yako alinihimiza niichome karatasi ile. Nilishika kiberiti, nikashindwa. Mpaka leo ipo.

Kuhusu kadi, masheikh wanatofautiana: wapo wanaoiona 786 ni heshima kwa jina la Mungu, wapo wanaosema haina asili katika dini. Ulimi wangu unawasha kukwambia andika Bismillahi kwa herufi zake, zionekane. Lakini harusi ni yako na mwenzio, kaeni muamue.

Ila pale chini, kwenye majina ya wazazi, mmeandika Bi Hadija. Mwambie mchapaji arekebishe. Ni Khadija, kwa kha.

Mama yako