Je, kijana aliyechaguliwa na timu ya NHL anaweza kuamua atacheza wapi?

SWALI: Salaam, mwanasheria. Tuko Ontario mwaka wa kumi na mbili sasa. Mwanetu ana miaka 17, ni beki, anacheza ligi ya vijana ya mkoa huu, na Juni ijayo huenda jina lake likaitwa kwenye uteuzi wa NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Baba yake alijifunzia kuteleza kwenye barafu pale Panari, Nairobi, anaupenda mchezo huu kuliko chakula, lakini hata yeye hili limemshinda: inakuwaje timu ichukue mtoto bila mtoto kuulizwa? Wazazi wenzetu uwanjani wanasema kijana mwerevu anachagua timu mwenyewe, anajificha tu chuoni mpaka muda uishe. Wengine wanasema ukikataa umeharibu jina. Na kuna chuo cha Marekani kinamtaka. Ana nguvu gani hasa?

JIBU: Dada yangu, nguvu anayo, na karibu yote imo kwenye kalenda. Nimekaa na wazazi wengi kwenye mazungumzo haya, na wanaoumia huwa ni wale waliosimuliwa habari za pesa na umaarufu bila mtu kuwaonyesha tarehe.

Tuanze na kinachotokea Juni. Timu ziko 32 na raundi ni 7, kila raundi kila timu ina nafasi ya kuita kijana mmoja, kwa hiyo huitwa vijana 224. Jina lake likiitwa, timu haijampata yeye; imepata haki ya kuzungumza naye peke yake. Hajasaini kitu, halipwi kitu, anarudi nyumbani na jezi na kofia. Timu nyingine 31 zimefungiwa mlango, haziruhusiwi hata kumtajia dau. Ila haki hiyo ina tarehe ya kuisha, kama pakiti ya maziwa. Umeuliza kwa nini haulizwi. Ligi inataka timu dhaifu zipate vijana wazuri, wasikimbilie wote New York na Toronto. Mimi naona ni mzigo mzito kumtwisha mtoto wa miaka 18, lakini chama cha wachezaji chenyewe kimeukubali utaratibu huo kwenye mkataba wake wa pamoja na ligi, kwa hiyo msipoteze usingizi mkifikiria mahakama.

Sasa pesa, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tumezoea kuona Simba na Yanga zikigombea mchezaji, dau linapanda kila asubuhi mpaka dirisha la usajili lifungwe. Huku mkataba wa kwanza una kikomo cha mshahara, na kikomo hicho kinazibana timu zote sawasawa. Hata miaka ya mkataba hupangwa na umri: akisaini akiwa na miaka 18 hadi 21 ni miaka 3, akiwa na 22 au 23 ni miaka 2, akiwa na 24 ni mwaka 1. Kwa hiyo hata akiwa huru kabisa, hakuna timu itakayomzidishia mshahara wa msingi kupita kikomo. Kinachobaki cha kuzungumza ni mahali, muda, na nafasi ya kucheza. Kwa beki mchanga nafasi ya kucheza ni kubwa kuliko yote, maana miaka mitatu ya kusugua benchi inamfikisha kwenye mkataba wa pili mikono mitupu.

Tarehe zenyewe zimekuwa zikitofautiana kwa njia ambayo kijana anapitia. Aliyechaguliwa akiwa kwenye ligi za vijana za Kanada, kama mwanao, timu imekuwa na muda hadi tarehe 1 Juni ya mwaka wa pili baada ya kumchagua. Usipopatikana mkataba, na umri bado unaruhusu, anarudi kapuni: anachaguliwa upya, huenda na timu asiyoitaka vilevile. Aliye chuoni Marekani ameshikiliwa muda mrefu zaidi, lakini mwisho wake ni tofauti kabisa. Akimaliza miaka yake minne, ikifika tarehe 15 Agosti anatoka kapuni moja kwa moja, huru kusaini na timu yoyote kati ya zote 32. Ndiyo sababu wenzenu uwanjani wanataja chuo. Mkataba wa pamoja ulioafikiwa 2025, unaoanza kutumika Septemba 2026, umezigusa tarehe hizi na kuzisogeza njia hizo karibu zaidi, kwa hiyo usikubali hesabu ya mtu kichwani. Mwambie mshauri wenu aandike kwenye karatasi: mwanetu akichaguliwa siku fulani akiwa timu fulani, haki za timu zinaisha tarehe gani, na baada ya hapo anarudi kapuni au anakuwa huru?

Mlango wa chuo kwa kijana wenu ni mpya. Zamani aliyecheza ligi za vijana za Kanada hata mechi moja alikuwa amejifungia hoki ya vyuo vya Marekani. Marufuku hiyo iliondolewa kwa uamuzi wa Novemba 2024 ulioanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025, na mara moja tukamwona Gavin McKenna, kijana aliyetajwa kuliko wote wa rika lake, akitoka Medicine Hat, timu ya vijana ya Kanada, kwenda Penn State, chuo kikuu cha Marekani. Familia zenye watoto wa umri wa mwanao zina uamuzi ambao kaka zao wakubwa hawakuwa nao.

Wacha nikuonyeshe turufu hii inavyochezwa. Jimmy Vesey alichaguliwa na Nashville mwaka 2012, wa 66, raundi ya tatu. Akaenda Harvard. Mwaka wake wa nne alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na Nashville walikuwa wanamsubiri kwa hamu aje kuwasaidia kwenye mechi za mtoano. Machi 2016 akawaambia hasaini. Nashville, wakijua Agosti watabaki mikono mitupu, mwezi Juni wakaziuza haki zake kwa Buffalo kwa nafasi moja ya kuchagua kijana kwenye raundi ya tatu. Buffalo walinunua wiki nane tu za kumbembeleza. Zikapita. Agosti ilipofika katikati akawa huru, timu zikapanga foleni, na baada ya siku chache akasaini na New York Rangers. Mshahara? Kikomo cha wakati ule, dola 925,000 kwa mwaka, kiasi kilekile ambacho timu yoyote nyingine ingeweza kumpa. Kwa kusubiri alipata jambo moja: mji na timu ya chaguo lake.

Adam Fox alifanya kwa utulivu zaidi, na kwa kuwa naye ni beki, habari yake mwanao aijue. Alichaguliwa na Calgary mwaka 2016, naye wa 66, naye Harvard. Ilipoanza kuonekana kwamba hatasaini, Calgary hawakusubiri tarehe. Juni 2018 walimtia kwenye biashara kubwa na Carolina, na Aprili 2019 Carolina nao wakampeleka Rangers, timu ya nyumbani kwao. Mwaka 2021 alitwaa Norris, tuzo ya beki bora wa ligi. Tarehe yenyewe haikuhitaji kufika. Timu zinasoma kalenda kama sisi tunavyoisoma, na kila mwezi unaopita bei ya haki zile inashuka mikononi mwao.

Umeona wote wawili walikuwa wa raundi ya tatu? Hilo si jambo dogo. Timu ikimkosa mchezaji wake wa raundi ya kwanza, ligi huifidia nafasi nyingine ya raundi ya pili. Ikimkosa wa raundi ya tatu, haipati kitu. Hivyo kijana aliyeitwa wa 66 akaja kuchanua ana nguvu ambayo hakuna aliyeitarajia usiku ule wa uteuzi, ilhali wa raundi ya kwanza anakabiliana na timu yenye mto wa kuangukia. Jirani akikwambia "wa juu ndiye mwenye kauli", mwambie inategemea.

Bila shaka mumesikia la Eric Lindros, maana kila mzee wa Ontario analo mdomoni. Ni kweli. Quebec Nordiques walimwita wa kwanza mwaka 1991, akakataa kuvaa hata jezi yao, akakaa msimu mzima nje. Mwaka 1992 Quebec wakamuuza kwa timu mbili kwa mpigo, Philadelphia na Rangers, mpaka msuluhishi akaamua kwamba ni wa Philadelphia. Quebec walipata Peter Forsberg na wenzake kadhaa, nafasi za uteuzi, na dola milioni 15. Timu hiyo ilihamia Colorado mwaka 1995 na mwaka uliofuata ikabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Lindros alikuwa mchezaji mkubwa sana, yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki, lakini kombe hilo hakulishika kamwe. Ila msiitumie habari yake kama ramani. Kijana ambaye ligi nzima inamlilia ana nguvu ambayo wengine 223 hawana.

Gharama nazo zipo, na sitakuficha. Aliyekuwa tayari kwa ligi kubwa akiwa na miaka 20 anayesubiri mpaka 22 ametoa miaka miwili ya mshahara, na goti halisubiri mtu. Kelele pia zipo. Cutter Gauthier, aliyechaguliwa wa 5 na Philadelphia mwaka 2022, aliwaambia hataki kuwachezea. Januari 2024 wakambadilisha na Anaheim kwa Jamie Drysdale pamoja na nafasi ya raundi ya pili. Aliporudi Philadelphia mwaka uliofuata na jezi ya Anaheim, uwanja mzima ulimzomea kila alipogusa kile kisahani cheusi kinachochezewa hoki. Anacheza vizuri, jina lake halijaharibika, na mameneja wa timu ni watu wa kazi: anayeweza kuwasaidia watamchukua. Lakini mjue kama mwanenu ana moyo wa kuzomewa na watu elfu kumi na tisa. Wako wenye moyo huo, wako wasio nao, na hakuna aibu kuwa upande wowote.

Kuna turufu ndogo ambayo hata kijana asiye na jina anaweza kuicheza, na mimi huipenda kwa sababu haimgombanishi na mtu. Msimu wa vyuo huisha Machi au Aprili, NHL ikiwa bado inacheza. Kijana wa miaka 20 au zaidi anaweza kuiambia timu yake: nasaini leo, mradi mkataba uanze msimu huuhuu. Akicheza mechi chache za mwisho, mwaka mmoja kati ya ile mitatu umehesabiwa. Mkataba wa pili, ambao ndio wenye pesa za kweli, umesogea mwaka mzima karibu. Timu nyingi hukubali kwa kuogopa akirudi chuoni kalenda itawageukia.

Na akishasaini? Nguvu hiyo imekwisha siku hiyohiyo. Kipengele cha kukataa kuhamishwa hakianzi kufanya kazi kabla ya kufikisha miaka 27 au misimu 7 ligini. Vesey yuleyule aliyewakataa Buffalo mwaka 2016, Rangers walimuuza mwaka 2019. Kwa nani? Buffalo. Kwa nafasi ya raundi ya tatu, ileile bei ya awali. Kwa hiyo mkishauriana nyumbani msiulize "anaipenda timu gani" kana kwamba anaoa. Ulizeni miaka mitatu ijayo mabeki wa upande wake ni akina nani, mikataba yao inaisha lini, na kocha wa timu ya akiba huwapa vijana dakika au la.

Mwaka mmoja nilimtembelea mzazi aliyekuwa ameng'oa kalenda ya ukutani jikoni, akaikata kurasa, akazipanga mezani miaka minne kwa mstari. Juu ya kila Juni na kila Agosti aliweka punje ya maharage. Kijana wake alikaa akiziangalia zile punje kimya kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe huku hadi huku ninaweza kusoma na kumaliza shahada yangu." Ndiye mtu wa kwanza kwenye meza ile kulitaja darasa. Fanyeni hivyo hivyo, naye awepo, kabla hamjamjibu mtu wa chuo wala wa timu.

Kwenye mahojiano na timu kabla ya uteuzi asiseme uongo na asitoe vitisho. Akiulizwa angependa kucheza wapi, ajibu kwamba anatafuta mahali pa kujengwa kama beki, kisha awaulize wao wanawajengaje. Timu inayomtaka kweli hujibu kwa majina na dakika za kucheza. Nanyi muwe na mshauri aliyeidhinishwa na chama cha wachezaji, na kama chuo kimo mezani, ikaguliwe kwanza kama makubaliano yenu naye yanaruhusiwa na kanuni za vyuo. Familia nzuri zimeingia matatani kwa karatasi iliyosainiwa mapema bila nia mbaya.

Jambo moja hukulitaja: siku aliyozaliwa. Kuingia kwenye uteuzi wa Juni lazima awe atatimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba mwaka huohuo. Aliyezaliwa tarehe 16 anasubiri mwaka mzima, na mstari wenu wote wa kalenda unasogea naye. Angalieni cheti chake leo, kisha niandikie tena.