Mizizi imetoka chini ya mfuko: niikate au niiache?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimepanda pilipili hoho kwenye mifuko ya kitambaa ya lita 20. Niliambiwa mfuko wa namna hii hupogoa mizizi kwa hewa, haizunguki kama kwenye ndoo ya plastiki. Tena nikasikia kwamba kumwagilia kwa chini ndiko bora, basi kila mfuko nimeuweka kwenye beseni ambalo halikauki maji. Juzi nimeinua mfuko mmoja nikakuta mizizi imepenya kitambaa na kujaa beseni zima. Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Jirani mmoja anasema niikate yote leo leo, mwingine anasema nirudi kwenye plastiki. Je, habari za kupogoa kwa hewa ni za uongo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukudanganywa. Umepewa mashauri mawili, kila moja la kweli, ila hakuna aliyekueleza yanavyokutana pale chini ya mfuko.

Mzizi hurefuka kwenye ncha yake. Ncha ikiwa hai huzuia matawi yasichipue karibu nayo. Ikigonga ukuta wa plastiki inageuka, inaufuata ukuta na kuzunguka. Ikifika kwenye kitambaa kikavu inachungulia kati ya nyuzi, inakosa unyevu, inanyauka. Ikishakufa, kizuizi kimeondoka, na nyuma yake yanachipuka matawi kadhaa. Hayo nayo yanakwenda ukutani, yanakauka ncha, yanazaa mengine. Mwishowe mfuko mzima unajaa vizizi vyembamba, na udongo wote unafanya kazi, hata ule wa katikati.

Carl Whitcomb wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, aliifanyia kazi kubwa mbinu hii kwenye miche ya miti, na kwenye mti ndiko ina uzito hasa. Mzizi uliozoea kuzunguka chunguni huendelea kuzunguka hata mti ukishahamishiwa shambani, na miaka mingi baadaye unaweza kulikaba shina. Hoho yako ya msimu haitafika huko, kwa hiyo usikose usingizi.

Sasa tazama beseni. Kinachoua ncha ni ukavu. Kitambaa kilichokaa ndani ya maji hakina ukavu wowote, kwa hiyo kwa mzizi ni kama hakipo: unapita, unakuta maji na mbolea iliyoyeyuka, unaendelea. Na kwa kuwa ncha zile hazifi, hazitoi amri ya kuchipua matawi huko ndani. Mmea umehamishia nguvu zake nje ya udongo uliouandalia. Ukiniuliza linaloniudhi zaidi, ni hilo, maana ule mchanganyiko mzuri uliouhangaikia sasa unalisha mizizi michache tu.

Kuna hatari nyingine. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, na maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi. Hujaniambia rangi ya mizizi yako. Ikiwa myeupe na migumu kidogo ukiibana, bado inapumua. Ikiwa ya kahawia, inateleza na kutoa harufu, imeanza kuoza. Hiyo kata bila kusubiri, kwa kisu safi.

Ile mizima usiikate leo leo. Kwa sasa ndiyo inayoinywesha hoho yako, na ukiiondoa yote kwa mkupuo kwenye jua kali mmea utalala. Fanya hivi: inua mfuko uuweke juu ya wavu au vijiti ili hewa ipite chini. Mwagilia kwa juu kwa siku za mwanzo. Beseni liache likae kavu, kwanza kwa saa chache, kisha kutwa nzima, ukiongeza muda kadiri majani yanavyostahimili. Mizizi ya nje itakauka yenyewe taratibu, na ya ndani itapata nafasi ya kuchipua. Iliyokauka ndiyo utakayoipunguza kwa mkasi.

Baadaye unaweza kurudi kumwagilia kwa chini, tena nakushauri urudi, maana majani hayaloi na udongo haugandi juu. Ila maji yaje na yaondoke. Mimina kina cha sentimita 2 au 3, uache mfuko unywe kama nusu saa, yanayobaki uyamwage. Usimwagilie tena mpaka ukiinua mfuko uuone mwepesi. Mkono wako utajifunza uzito huo upesi kuliko unavyodhani.

Maji hupanda kwa kupitia vinafasi vidogo kati ya chembe za udongo. Mchanganyiko wenye mboji laini au vumbi la makumbi ya nazi huyapandisha vizuri. Wenye vipande vikubwa hukata njia, na juu hubaki pakavu. Mche mchanga, ambao mizizi yake bado iko juu, umwagilie kwa juu mpaka mizizi ishuke. Na mchanganyiko ukikauka kabisa huweza kukataa maji, hivyo lowesha kwanza kwa juu.

Ule ukoko ni chumvi, nyingi yake ya mbolea. Maji yanapopanda huzibeba, yakifika juu au kwenye ukuta wa kitambaa yanakuwa mvuke, chumvi zinabaki. Kwangua ukoko, kisha kila baada ya wiki chache mimina maji matupu kwa juu mpaka yatiririke chini. Yale yaliyotoka mwaga mbali. Usiache mfuko uyanywe tena.

SWALI: Nami natumia mifuko ya kitambaa, lakini nasafiri mara kwa mara. Nikiweka mfuko juu ya ndoo ya maji yenye utambi, mizizi itapogoka?

JIBU: Itapogoka iwapo nafasi kati ya mfuko na maji iko wazi ubavuni. Hapa watu wengi hukosea: wanaacha nafasi, halafu wanaifunika pande zote. Hewa iliyofungiwa juu ya maji ina unyevu mwingi, na mzizi hauoni sababu ya kukauka. Utashuka mpaka uyafikie maji. Acha upana wa kiganja, na upepo upite. Utambi uwe wa nailoni au poliesta, kwa kuwa pamba huoza. Ulaze sehemu yake ndani ya udongo tangu unapopanda; ukiuchomeka baadaye utachana mizizi.

SWALI: Mifuko yangu imepangwa ikigusana ili kuokoa nafasi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Inapogusana hakuna ukavu, na mizizi ya mmoja itahamia kwa mwenzake. Ukija kuitenganisha utairarua. Achanisha kwa upana wa vidole vinne, na ile iliyokaa juu ya udongo mtupu iinue pia, kwani huko nako mizizi hupenya ikaingia ardhini.