Mlango wa meli ukifunguliwa, askari hawatashuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu, naandika hadithi ya vita katika sayari yenye hewa na uvutano kama wa Dunia. Meli ya angani inaizunguka, kilomita 400 juu. Askari wanaruka mlangoni, mavazi yanawakinga na msuguano, kisha wanafungua miavuli. Mavazi hayo yawe ya namna gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mavazi baadaye, askari wako bado hawajashuka. Wametoka mlangoni na wako ubavuni mwa meli, wanakwenda nayo sambamba, karibu kilomita 7.7 kila sekunde.

Kosa hili naletewa kila mara, na huniudhi kwa sababu kuna watu wanaolifundisha. Wanasema huko juu hakuna uvutano. Upo, karibu asilimia 90 ya huu wa chini. Meli inaanguka muda wote, ila inakwenda mbele kwa kasi hata ardhi inajipinda chini yake na haifikii.

Sisi wa Malindi hasa hatuna udhuru. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970. Roketi ya namna hiyo haipandi wima mpaka mwisho. Hulala kuelekea mashariki juu ya bahari, kwa kuwa mafuta mengi yanakwenda kutafuta mwendo wa pembeni. Mwendo huohuo ndio askari wako atakaotakiwa kuuondoa.

Askari mwenye kilo 150 pamoja na zana zake amebeba nishati inayozidi ya tani moja ya TNT, ile baruti kali. Usimvishe vazi, mtie ndani ya kapsuli, chombo kidogo kilichofungwa pande zote, yenye injini ya breki. Akipunguza kama mita 100 tu kwa sekunde, njia yake itaingia hewani, na hewa itamaliza kazi. Joto lenyewe kwa sehemu kubwa si la msuguano: hewa ya mbele inakosa pa kukimbilia, inabanwa, inawaka. Ndiyo maana kapsuli hutanguliza upande butu, ili moto huo ukae mbali kidogo na ukuta.

Hapo pana hadithi nzuri. Redio hukatika wakati wa moto huo. Na Aprili 2008 kapsuli ya Soyuz, chombo cha Warusi cha kubeba wanaanga, ilishuka vibaya, ikatua zaidi ya kilomita 400 kutoka ilipotarajiwa, waliomo wakikandamizwa kwa mara 8 ya uzito wao. Fikiria kikosi kizima kikitawanyika hivyo mbele ya adui.

Lakini jihadhari na hao wauza maarifa wa video fupi. Wanamwonyesha Felix Baumgartner, aliyeruka mwaka 2012, wanasema katoka obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia. Aliruka kutoka kwenye puto, kilomita 39 juu, bila mwendo wa pembeni wa kutajika. Kasi yake ya juu kabisa haikufika hata nusu kilomita kwa sekunde. Anayekueleza kushuka kutoka obiti, muulize kwanza mwendo wa pembeni umeondolewa na nini. Akikosa jibu, usimlipe hata shilingi.