Maziwa yanapozidi mahitaji ya mtoto: wakunga wanajibu

Swali: Salamu kwenu. Mtoto wangu ana wiki 10, nami nimerudi kazini Nyawera, hapa Bukavu. Ninakamua kwa mashine ya umeme mara 7 kwa siku, usiku ukiwemo, na ninapata karibu mililita 1,400. Mtoto anakunywa 750 tu kwa biberoni. Matiti yanakuwa magumu kama jiwe kila baada ya saa 3, na blauzi inalowa mbele ya watu. Dada yangu anasema niyafunge kwa kitenge na niache kukamua siku 2. Ni sawa? (Mama wa Muhumba)

Jibu: Hapana mama, usiyafunge, na usiache ghafla. Kitenge kilichokazwa hubana njia za maziwa, na titi lililojaa bila kupumua huvimba, likapata homa, hata jipu. Kwanza fahamu tatizo limetoka wapi. Titi halijui mtoto amekunywa kiasi gani. Linajua tu maziwa kiasi gani yametoka. Maziwa yakibaki ndani, protini iliyomo pamoja na msukumo wa ujazo wake huzipunguzia kazi chembe zinazoyatengeneza. Ukikamua hadi tone la mwisho mara 7, breki hiyo unaiondoa mara 7, na mwili unaamini una watoto wawili. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 kwa kawaida hunywa karibu mililita 750 hadi 800 kwa siku, wengine kidogo chini au juu ya hapo. Kwa hiyo wa kwako anashiba. Kinachozidi ni agizo la mashine.

Kiasi cha kulenga ni 850 hivi, yaani anachokunywa mtoto na akiba kidogo. Sasa unatoa karibu 200 kila mara. Kwa siku 3 za kwanza zima mashine chupa ikifika 170, hata kama maziwa bado yanatiririka. Siku 3 zinazofuata simama kwenye 140. Matiti yakishazoea, ondoa zamu moja, ubaki na 6 za mililita 140, na hapo umefika 840. Kama chupa zako hazina alama nzuri, tumia saa: punguza dakika 2 au 3 kila zamu, kila baada ya siku 3. Zamu ya kuondoa iwe ya mchana ambayo haina maziwa mengi. Ya alfajiri iguse mwisho, maana usiku homoni ya maziwa hupanda na asubuhi matiti huwa yamejaa kuliko saa nyingine. Usiondoe zamu mbili zinazofuatana. Kazini usikose kabisa kukamua kwa sababu ya aibu: sheria ya kazi ya Kongo inampa mama anayenyonyesha vipumziko 2 vya nusu saa kila siku, vinavyolipwa.

Katikati ya zamu titi likiuma, kamua kwa mkono kidogo, mililita 10 au 20, mpaka liwe laini kiasi cha kuvumilika, kisha acha. Wengi wanaharibu kazi yao hapo: wanasema "nimalizie tu", na kesho yake maziwa yamerudi palepale. Baada ya kukamua weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa kilicholowa maji baridi, dakika 10 hadi 15. Maji ya moto kwa muda mrefu na kusugua titi kwa nguvu, kama wanavyofanya bibi wengi kwa mapenzi mema, huongeza uvimbe. Paracetamol inaruhusiwa. Maji endelea kunywa unapoona kiu. Kujinyima hakukaushi maziwa, kunakuchosha tu. Vidonge vya kukausha maziwa vipo, lakini ni vya daktari, si vya kununua farmasi kwa ushauri wa jirani.

Angalia pia ile koni inayokaa kwenye titi. Pima upana wa chuchu kwenye ncha yake, ongeza milimita 2 hadi 4, hiyo ndiyo saizi yako. Koni kubwa huvuta na ngozi nyeusi inayozunguka chuchu, ikivimba hufunga njia za maziwa. Ndogo huikwaruza chuchu. Mashine ikikuumiza, punguza nguvu: kuvuta zaidi hakutoi maziwa haraka.

Ukipata homa ya 38.5 au zaidi, au sehemu nyekundu yenye moto ambayo haijapungua ndani ya saa 24, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimwachishe mtoto, maziwa hayo hayamdhuru. Na wiki zote hizi za kupunguza, mpeleke apimwe uzito.

Swali: Mimi sina mashine, ninanyonyesha tu. Mtoto wa miezi 2 anapaliwa, anakohoa, anaachia chuchu na maziwa yanamrukia usoni. Kinyesi chake ni kijani chenye povu. Je, maziwa yangu ni mabaya? (Mama wa Kadutu)

Jibu: Si mabaya, ni mengi na yanatoka kwa kasi. Anajaa maziwa ya mwanzo yenye sukari nyingi na mafuta machache, yanapita tumboni haraka, ndiyo povu. Lala nusu chali, mweke juu ya kifua chako, maziwa yapande badala ya kumwagika kooni. Mruko wa kwanza uuache uingie kwenye kitambaa. Kama anaongezeka uzito vizuri, mpe titi moja tu kwa saa 3, kila anapotaka, kisha hamia lingine. Linalosubiri likibana, toa kidogo kwa mkono. Fanya hivyo siku chache, si zaidi ya wiki bila kumpima uzito. Asiyemaliza mwezi na nusu usimfanyie hivyo, kwa sababu maziwa ya mama bado hayajatulia.

Swali: Firiza yangu imejaa maziwa, na umeme unakatika Bagira kila mara. Niyatupe? Naweza kumpa jirani aliyejifungua?

Jibu: Firiza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu, saa 24. Umeme ukirudi na bado kuna barafu ndani ya maziwa, yagandishe tena. Yaliyoyeyuka kabisa lakini bado ya baridi yatumike ndani ya saa 24. Yaliyopata joto, mwaga. Maziwa mapya yanakaa mezani saa 4 penye joto la hadi 25, na siku 4 kwenye firigo. Gandisha mafungu ya mililita 60 hadi 100, ukiacha nafasi juu kwa sababu hutanuka. Kuhusu jirani, usimpe: virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa, na afya ya mtu haionekani usoni. Kama maziwa yake yamepungua, mwelekeze kwa mkunga atazame jinsi mtoto anavyoshika titi.