Laini haijajaa, mbona mtandao unasuasua?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia mtandao wa kompyuta wa chuo kimoja hapa Mtwara. Ripoti huonyesha kwamba mchana laini yetu hutumika kwa asilimia 90, lakini watumiaji hulalamika kwamba kurasa hazifunguki. Je, tununue laini kubwa zaidi, au ruta, kifaa kinachopitisha data kwenda kwenye laini, ina kasoro? Msomaji, Shangani, Mtwara.

JIBU: Ruta yako huenda ni nzima, hiyo asilimia 10 unayoihesabu kuwa akiba ndiyo inayokupotosha. Chukua mizani ya chama cha msingi msimu wa korosho. Tuseme karani humpimia mkulima mmoja kwa wastani wa dakika 6, yaani wakulima 10 kwa saa. Wakifika 5 kwa saa bila ratiba, kila mmoja atakaa pale wastani wa dakika 12, kusubiri na kupimiwa pamoja. Wakifika 8, dakika 30. Wakifika 9, saa nzima. Ameongezeka mkulima mmoja tu na muda umekuwa maradufu, kwa sababu dakika ambazo mizani ilikaa bure asubuhi haziwezi kuwekwa zikatumika magunia yanapomiminika kwa mkupuo. Pakiti, yaani vipande vidogo ambamo data husafirishwa, hupanga foleni kwenye ruta vivyo hivyo.

Hisabati hii ilianza na simu, kwa makala aliyochapisha Mdenmark A. K. Erlang mwaka 1909. Data huja kwa mikupuo mikali kuliko simu, hivyo hali yako yaweza kuwa mbaya kuliko mfano wangu.

Usikubali ushauri, nao hutolewa sana, wa kuongeza kumbukumbu ya ruta ili foleni ndefu zaidi ienee: pakiti zitasubiri zaidi, na kompyuta zilizokosa majibu zitazituma upya. Mwaka 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake, msongamano uliochochewa na marudio ya namna hiyo uliishusha kasi kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40.

Anza kwa kupima matumizi kila baada ya sekunde chache, maana wastani wa mchana mzima huficha mikupuo. Kisha hamishia usiku kazi zinazoweza kungoja, kama vile kutuma nakala rudufu za seva. Ukishuka kutoka asilimia 90 hadi 80, muda wa kusubiri waweza kupungua kwa nusu au zaidi bila kununua chochote. Malalamiko yakiendelea hata baada ya hapo, nunua laini.